Vijipira vya Bua la Mahindi

Siku moja ninayoikumbuka kila mvua ya alasiri inapoanza kugonga mabati, mwanangu, ni ile niliyogombana na dadangu Kemunto kwa sababu ya vijipira viwili vya bua la mahindi. Umenijia leo umekunja uso, unasema wewe na kakako hamsalimiani tena ingawa milango yenu inatazamana. Keti. Chai ipo, na mimi sina haraka.

Tuliishi Manga, kwa Nyanya aliyetulea. Mimi na Kemunto tulilala kitanda kimoja, tulisoma darasa moja, na ubishi wetu ulikuwa sawasawa. Akitaka dirisha lifunguliwe, nami nalitaka lifunguliwe, lakini nilifungue mimi. Nyanya alisema tunamzeesha kabla ya wakati wake.

Mwalimu wa fizikia alituagiza tutengeneze vijipira kutokana na ile sehemu nyeupe laini ya ndani ya bua kavu, tuvivike karatasi ya kung'aa ya chingamu, kisha tuvining'inize kwa nyuzi kwenye kijiti. Ukisugua rula ya plastiki kwenye sweta, halafu ukavigusa vyote viwili, vinapata chaji ya aina moja, na vyenye chaji ya aina moja husukumana. Kazi bora ingepelekwa kwenye mashindano ya shule. Tulijaribu jioni, mvua imetoka tu kunyesha, na vijipira havikutikisika hata kidogo.

"Umevishika kwa mikono yako ya jasho," nikamwambia.

"Wewe ndiye umefunga nyuzi vibaya. Kila kitu lazima ukifanye wewe!"

Basi yakatoka yote: blanketi, sabuni, nani anapendwa zaidi. Kemunto akalia, akasema kesho anahamia kwa shangazi kule Nyaramba na hatanisemesha tena maishani. Niliogopa, mwanangu. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki, na sikuwa na mwingine wa kumwita dada.

Nyanya hakuuliza nani ana makosa. Alichukua kijiti na vijipira vyake akaviweka kwenye dari ya jikoni, juu ya meko, alikokausha mahindi ya mbegu. Huku kwetu hewa yenyewe ina maji, na chaji huvuja kwenye unyevu. Hilo mwalimu alinieleza baadaye. Nyanya alikuwa anakausha tu kitu kilicholowa.

Asubuhi Kemunto akasugua rula kwenye sweta lake, akagusa. Vijipira vikaruka, kila kimoja upande wake, nyuzi zikakaa mshazari.

"Vimekosana?" Nyanya akauliza.

"Hapana, Nyanya. Vimejazwa kitu kimoja," Kemunto akajibu bila kunitazama.

Akaanza kuzisogeza nyuzi kwenye kijiti, huu huku na huu kule. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya kusukumana hubaki robo. Zilipofika kwenye ncha, vijipira vilining'inia karibu wima, vimetulia. Nyanya alivitazama mpaka uji ukamwagikia motoni.

"Basi Kemunto, nenda kwa shangazi yako," akasema. "Lakini mnywe uji kwanza, na muagane."

Mimi nikaangua kilio. Nyanya akanigeukia kwa ukali.

"Unalilia nini? Kuna uzi uliokatwa hapo? Si vyote viko kwenye kijiti kile kile?"

Nilimsindikiza Kemunto hadi barabarani nikimbebea sanduku, sote tumenuna. Kabla ya kuondoka akavua sweta akanipa. "Utalihitaji kusugulia rula," akasema. Nilipolivaa lilikuwa bado na joto lake.

Mpaka leo Kemunto hutoka Nyaramba akaja kwangu siku ya Sabato. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana tumeshagombana juu ya sukari kwenye chai, naye anachukua mkoba wake. Hajafika langoni nimeanza kumkumbuka. Nampenda sana dadangu, na tukilala nyumba moja wiki nzima tutauana.

Kwa hiyo hama, mwanangu. Panga chumba kule Keumbu, si aibu. Wewe na kakako mmejazwa kitu kimoja, na shamba la baba yenu ni dogo. Ila usiondoke kimyakimya, maana huko ndiko kukata uzi. Gonga mlango wake, mwambie unakokwenda, mnywe chai, na akubebee mzigo hata kama amenuna.

Mungu akupe chumba chenye nafasi, akuhifadhie na kaka wa kukusindikiza hadi barabarani. Sasa inuka, mvua imekatika. Nimemsikia akikohoa pale kwake, na mlango ameuacha wazi.