RCD mbili za haraka sawa, na freezer ya dada yangu

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Mnisamehe makosa ya maandishi. Shule yangu iliishia primary, huko Kenya kabla hatujarudi nyumbani, na huandika polepole. Shukuruni tu kwamba hapa hamuoni mwandiko wangu. Ila ninayosimulia yametokea mtaani kwetu Sherikat, sijaongeza kitu.

Dada yangu Nyandeng anauza barafu. Freezer iko barazani, na stima tunatumia moja na wapangaji wengine watatu.

Fundi wetu ni Mganda, baba wa mapacha, kwa hiyo tunamwita Ssalongo. Alitufungia RCD, ile switch inayojikata ikihisi umeme unavuja.

Ikawa inakata kila siku, nyumba zote giza. Ssalongo akaongeza ya pili kwenye laini ya freezer.

"Sasa iko mbili," akasema. "Hata hoteli kubwa ya kule Amarat haina hii."

Kweli tulibarikiwa. Sasa zilikata zote mbili kwa pamoja.

Nilizisogelea nikasoma. Zote milliamp 30, kiasi cha uvujaji kinachozikatisha, na haraka sawa. Nikapekua simu hadi nikaelewa: ya mbele, ya nyumba zote, iwe vumilivu, 100 yenye herufi S, isubiri kidogo. Ya nyuma iwe 30, ikate kwanza. Hapo inazimika freezer peke yake, wengine wanaendelea kutazama mpira. Ya nyuma ikishindwa, ya mbele ipo.

Nikaelewa na jambo lingine. Hazikuwa na wazimu. Freezer ilikuwa inavuja kweli.

Basi nikachukua hatua ya kishujaa. Nilinyamaza. Mimi ni nani nimfundishe Ssalongo mbele ya watu?

"Ssalongo, toa hivyo vidude, tumechoka," wapangaji wakamwambia.

"Mafi mushkila, hakuna shida," akajibu, akaunganisha waya ili umeme uzikwepe zote mbili.

Tulipata siku mbili za amani. Hakuna kilichokata. Raha sana.

Siku ya tatu asubuhi Nyandeng alitoka kufua, peku, mikono imelowa, akashika freezer. Hakupiga kelele. Alitetemeka tu, mkono hauachii. Nilikimbia nikazima switch kubwa, akaanguka.

Yuko hai. Vidole viwili vimeungua.

Ssalongo alirudi, akaweka 100 ya S mbele na 30 nyuma, freezer ikaenda kutengenezwa. Akawaeleza wapangaji mpango huo kama ameuota yeye. Nikanyamaza tena. Nina kipaji.

Jioni dada akaniuliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla ya ile waya?"

"Kabla."

Akatazama bandeji yake. "Kama mdomo ni mzito, Deng, si ungeniandikia hata meseji?"

Basi naandika, wakuu. Nendeni mbonyeze kile kitufe cha T, cha kujaribia, kwenye RCD zenu. Isipokata, iteni fundi leo. Ikizima nyumba nzima kwa kosa la chombo kimoja, someni namba zake. Na ukijua kitu, sema hata kama unatetemeka kwa woga.

Mniandikie mmekuta nini. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu kila mtu.