Giza la Makusudi

Kama umeoa au kuolewa Kasenga, hapa Uvira, miaka hii ya karibuni, huenda Consolate ndiye aliyekupigia muziki. Sono yake, yaani vyombo vyake vya muziki, husafiri kwa pikipiki mbili: spika zimefungwa kwenye ya mbele, naye anafuata kwenye ya pili, mikro, kile kipaza sauti chake, ameipakata kama mtoto aliyetoka chanjo. Ukimwambia sauti iko chini, atakujibu kwamba masikio yako ndiyo yako chini. Na usithubutu kugusa vifungo vyake. Wapo waliojaribu, wakaondoka bila hamu ya keki.

Basi watu wa namna hii huwa hawafundishiki tena. Yeye alifundishika. Aliitwa na Gaspard, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa bonde la Ruzizi, ambaye hucheza kwa miguu mpaka vumbi linaomba radhi. Gaspard alikuwa anatunga ngoma moja pamoja na Fabiola, mshona nguo, ambaye wazazi wake waliteremka kutoka milima ya juu. Huyu hucheza kwa mikono na shingo. Walitaka mtu wa kuwawekea muziki katika ukumbi wa parokia. Wakamkabidhi na taa nne, na ubao wenye swichi.

Siku ya kwanza Consolate aliziwasha zote. Ajabu gani? Harusini kazi ya taa ni bibi harusi aonekane, na nguo yake ionekane, na shangazi aliyeilipia naye aonekane. Fabiola akamwambia kwa upole, "Dada Conso, ukiangaza mikono yangu tu, watu watasahau kama niko na magoti." Consolate akacheka, akajaribu, akaacha kucheka. Mikono ilikuwa inaelea peke yake pale jukwaani. Tangu siku ile akawa wa kwanza kufika mazoezini, akihamisha taa huku na huku, akiuliza maswali ambayo hajawahi kumuuliza mtu.

Katikati ya ngoma ile palikuwa na giza. Giza la Fabiola. Mama yake aliteremka mlimani usiku, watoto wameshika kitenge chake, na kila mmoja alijua mwenzake bado yupo kwa kusikia hatua zake. Fabiola alitaka watazamaji nao wakae gizani hivyo, mpaka Gaspard wa bondeni amkute na taa ziwake. Bila giza, alisema, ngoma hii ni mazoezi ya viungo tu.

Wakaalika majirani na wanakwaya waje kuonja. Ilikuwa saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Wakati ulipofika, Consolate akazima taa, na muziki akaukata papo hapo, ili kimya kiwe kimya kweli. Alijiona bingwa.

"Courant imeenda," mtu akasema, kwa sauti ya aliyezoea umeme kukatika.

Kufumba na kufumbua tochi za simu zikawaka ukumbi mzima. Papa Basile, mlinzi wa ukumbi, ambaye hujisifu kwamba kwake hakuna anayekaa gizani, alishatoka mbio kuvuta kamba ya jenereta. Mwanakwaya mmoja, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo wa kuwatuliza watu. Na Fabiola katikati, amemulikwa na simu kama mwizi wa kuku, mkono mdomoni. Alilia nyuma ya pazia, na Consolate aliona haya mpaka shingoni.

"Giza tuitoe," Gaspard akasema. "Ao tutangaze mu mikro: ndugu na dada, musiogope, giza iko ya makusudi."

"Ukitangaza, umeiua," Consolate akamjibu.

"Na ikitoka, minye sichezi," Fabiola akasema, akaondoka.

Onyesho lilikuwa Jumapili. Gaspard akasema Consolate akikosa dawa, giza litaondoka, hata kama Fabiola ataondoka nalo.

Jumamosi Consolate alikuwa na harusi huko Songo, mchana wa jua kali, hakuna hata taa moja iliyowashwa. Umeme ukakatika. Mzee mmoja aliyekuwa ameinamia sahani ya wali na samaki, hajainua hata jicho, akanung'unika, "Courant." Consolate akabaki amemkodolea macho. Huyu amejuaje? Taa hazikuwepo. Ni muziki uliokufa. Kumbe watu wa Uvira umeme wanaujua kwa masikio! Muziki ukiendelea, giza ni giza tu. Hakuna atakayetafuta simu.

Jioni ile alimfuata Gaspard kwake. Alitaka mikro ifungwe chini ya mbao za jukwaa. Alitaka muziki ushuke polepole, usikatike, na miguu ichukue nafasi yake. Na Gaspard, aliyezoea kusimama akisubiri gizani, alitakiwa atembee bila kukoma.

"Tangu lini mama wa sono anapanga miguu yangu?"

"Tangu miguu yako iko inapita mu mikro yangu."

Gaspard alinuna, kisha akakubali, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Ila akaweka sharti: akikanyaga kwa kishindo, hapo taa ziwake, wakati auamue yeye. Wakampelekea Fabiola habari. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua viatu vyake vya kuchezea.

Jumapili ukumbi ulijaa. Consolate akazima taa moja baada ya nyingine. Muziki ukashuka, na kutoka chini ya mbao zikapanda hatua za watu wawili, nzito na nyepesi. Papa Basile aliinuka. "Courant iko?" akanong'ona. "Iko, papa. Ukae," aliye kando yake akamjibu. Akakaa. Hakuna tochi iliyowaka. Watu walikuwa wanasikiliza, hata watoto.

Gaspard akakanyaga kwa kishindo.

Kidole cha Consolate kilikuwa juu ya swichi, lakini masikio yake yalikataa. Hatua nyepesi zilikuwa bado mbali. Fabiola alikuwa hajafika. Gaspard akakanyaga tena, kwa hasira sasa. Consolate hakutikisika. Hakuwahi kuwa na uhakika na kitu namna ile. Basi Gaspard naye akasikia alichokuwa anakisikia Consolate, akaendelea kutembea, taratibu, akizifuata zile hatua nyingine gizani, mpaka miguu ya wawili ikatua pamoja. Consolate akawasha.

Baadaye, makofi yalipokwisha, Gaspard alimjia akiwa bado anahema.

"Sasa siku ingine," akamuuliza, "minye nitajuaje kama wakati imefika?"

"Utaona taa," Consolate akasema.