Ukuta wa Jikoni kwa Mama

Mama yangu tulimzika Ngulyati mwezi wa sita, na wiki iliyofuata nilikuwa darasani Bariadi nikifundisha Zama za Mawe. Wenzangu ofisini walinishangaa. Mimi mwenyewe nilijishangaa, maana sikuwa nasikia kitu. Sikulia makaburini, sikulia matangani, na mtu akinipa pole namjibu nimeshapoa, basi, naendelea kusahihisha madaftari. Mwili wote ganzi.

Kaka yangu, ambaye amebaki pale nyumbani na mkewe, alinipigia simu kwamba nyumba ya mama tuipige plasta ya saruji kabla ukoo haujarudi kwenye arobaini. Nyumba ya udongo inatia aibu, alisema, na wewe ni mwalimu. Nikasema sawa. Hata angetaka kuibomoa ningesema sawa.

Kuta zile mama alizisiriba kila mwaka kabla ya mvua, kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe. Zikishakauka anachovya vidole vitatu kwenye udongo mwekundu, anapitisha mistari ya kupanda na kushuka kutoka mlangoni mpaka kwenye kona. Fundi alikwangua yote ili saruji ishike. Mimi ndiye niliyembebea ndoo. Siku ya arobaini watu waliisifia sana nyumba, nami nikaitikia asante, asante.

Mwezi wa tisa tuliwapeleka kidato cha kwanza kuona michoro ya kale chini ya jabali moja huko Meatu, upande wa Bukundi. Twiga, watu wembamba, wote wekundu. Niliwaeleza kama kawaida: watu wale walisaga jiwe jekundu, wakalichanganya na mafuta ya mnyama, wakapaka kwa kidole au kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Kwa nini walichora? Wengine husema waliomba mawindo, wengine mvua, wengine waliwafundisha watoto wao. Nikawaambia mikono iwe nyuma, asiguse mtu, jasho la kiganja linaharibu.

Kuna binti mmoja darasani kwangu ambaye jibu la kitabu halimtoshi, ananichosha kweli. Alikuwa ameona kwamba twiga amechorwa juu ya mtu, na yule mtu amechorwa juu ya mnyama mwingine aliyefifia.

"Mwalimu, mbona walichora juu ya michoro ya wazee wao, na mwamba wote huu uko wazi?"

Nikamjibu kwamba labda hawakuijali. Akaandika. Nilijua nimemdanganya mtoto wa watu. Nikasogea kuangalia, na pembeni ya yule twiga nikaona alama za vidole vitatu, vimeburuzwa sambamba. Nikamkumbuka fundi na lile bapa lake la kukwangulia. Hata hapo sikuumia. Nilijua tu nilichokifanya, na kujua bila kuumia ni kitu kibaya, asikwambie mtu.

Jumamosi yake nikapanda bodaboda hadi Ngulyati. Nyuma ya nyumba lipo jiko, kibanda ambacho hakuna aliyehangaika kukipiga plasta. Pembeni ya mlango, chini kabisa, ipo kazi ya mwisho ya mama. Aliifanya amekaa kwenye kigoda kwa sababu miguu ilishavimba, na mistari yake inafika katikati ya ukuta inakoma. Udongo ulikuwa umeanza kubanduka. Nikasimama pale, mikono nyuma, kama nilivyowaambia wanafunzi.

Mke wa kaka akatokea na ndoo ya udongo, ameshaukanda. Mvua zimekaribia, alisema, ukuta ukiachwa hivi hautamaliza msimu. Nikamwomba aache kwanza. Akisiriba, mistari ya mama inapotea, na asiposiriba mvua inaichukua. Nilikuwa sina kingine cha mkono wake duniani. Nikamweleza hivyo hivyo, kwa sauti kavu kama ninayesoma ratiba.

Akaiweka ndoo chini.

"Shemeji, ukuta huu nimeusiriba na mayu, mama yenu, miaka yote. Chini ya mistari yake kuna ya mama mkwe wake. Unadhani yeye aliiogopa? Alipita juu yake kila mwaka, ndiyo maana mpaka leo ukuta umesimama."

Halafu nikamwomba ndoo. Akanicheka, mwanaume na kusiriba wapi na wapi, lakini akanipa, akanionyesha jinsi ya kukandamiza kwa kiganja. Nikakunja mikono ya shati, nikachota. Nikaanzia pale mama alipoishia, kisha nikarudi juu ya mistari yake, taratibu.

Udongo ulikuwa wa baridi. Niliusikia ukipanda mpaka kwenye viwiko, na hapo nikaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima mimi. Shemeji hakunipa pole. Aliniambia niendelee kupaka, la sivyo udongo utakauka.