Kibanda Kisichopokea Chuma

Pale kituoni kwetu Hermanus tuna kibanda cha mbao kilichopigwa misumari ya shaba. Haingii mtu na chuma, hata awe waziri. Funguo, saa, mkanda, vyote unaviacha kwenye jiwe la nje, maana chuma kidogo tu kinaipotosha sindano ya kupimia usumaku. Humo mzee Jakobus Plaatjies alipima usumaku wa dunia kwa miaka thelathini na mmoja.

"Usumaku unazaliwa na chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka huko chini," alinifundisha. "Jua likifoka, unatikisika. Wewe andika, acha kujitia ujuzi!"

Mwaka jana alianguka, akavunjika paja, hospitali wakamtia chuma mfupani. Siku aliyorudi kazini jua lilikuwa limefoka, na sindano haitulii.

"Mzee, njoo uone!" nikamwita kutoka mlangoni, bila kufikiri.

Akaja akichechemea, macho yanang'aa. Akavua saa, akavua mkanda, akatoa funguo, akavipanga juu ya jiwe kama siku zote. Kisha akasimama, mkono pajani.

"Na hiki, binti yangu, nikiache wapi?"