Mapande na Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Weka dau lako hapa, maana najua hakuna atakayeamini: muuza nyama wa kona, lile jibaba wanaloliita Mapande, lilijifunza piano. Tena si nyimbo za watoto. Ni kile kipande cha mahaba cha Wazungu wa kale, mkono wa kushoto unabembeleza chini, wa kulia unaimba juu kama mtu anayelia hataki kuonekana.

Mwanafunzi wa zamani wa mkewe alimfundisha kwa siri. Mazoezi akafanyia buchani: alichora vibao vya piano kwa chaki juu ya gogo la kukatia nyama, akawa anabofya kila wateja wakipungua.

"Vidole hivi vimechambua ng'ombe wazima," aliwatambia wateja. "Piano ina mifupa mingapi?"

Lakini moyoni hakuwa na mchezo. Mkewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa piano wa mtaa mzima, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Mkono ukabaki unaning'inia kama wa kuazima. Akafunga kifuniko cha piano, na miezi ilipopita akamwambia kaka yake aje Jumapili aibebe. "Sitaki hata kuiona." Tangu augue chakula anakigusagusa tu, dirishani haondoki. Mapande aliona wazi: piano ikitoka, mwenyewe naye atatoka nayo, polepole.

Jumapili akafungua kifuniko, akafuta vidole kwenye suruali.

"Unafanya nini wewe?"

"Tulia, mwalimu. Leo utatafuta leso."

Akapiga. Mkewe akafumba macho, Mapande akajua kashinda. Alipomaliza aligeuka, meno yote nje.

"Unakata mifupa," mkewe alisema. Maneno yalimtoka yakiburuta, ila makali yalikuwa yaleyale.

"Hiyo ni sifa au?"

"Kila noti uzito mmoja. Mazoezi ulifanyia wapi, juu ya meza?"

Mapande akalikumbuka gogo la buchani. Gogo halina sauti ndogo, ukiligonga, umegonga.

"Tena."

Akapiga, safari hii kwa kunyata.

"Sasa unanyemelea kama mwizi wa kuku. Na unakimbia. Nani anakufukuza?"

Akarudia. "Hapana." Akarudia. "Hapana, bwana!"

Masihara yakamkauka mdomoni. Kila alipokosea, aliona shavu la mkewe linatetemeka, akajisemea: namtonesha kidonda huyu. Hapo hapo shemeji akatokea mlangoni, kamba begani.

"Vipi shemeji, tubebe?"

Mapande akainuka. "Tubebe tu. Nisamehe, mke wangu. Nilitaka kukufurahisha, nimekuumiza."

"Kaa chini."

Mkewe akajikokota mpaka kwenye benchi, akajibwaga kushoto kwake. Akausukuma mkono wa kushoto wa Mapande ukaangukia gotini, akaweka wa kwake kwenye vibao.

"Wewe imba huko juu. Huku chini niachie mimi."

Wakaanza. Mstari wa kwanza haukuisha, wakakwama, kwa sababu Mapande hakumngoja. Mkewe akamtukana tusi ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Machozi yalimshuka shavu moja, hakuyafuta. Mkono wake ulikuwa na kazi.

"Tena," alisema.

Shemeji akaiteremsha kamba begani, akakaa kizingitini.

Mapande alikosea jambo moja. Alidhani mkewe anataka kupigiwa.