Pombe Iliyouza Shamba la Spéciose

Saa moja asubuhi, Spéciose Nyiraneza amepiga magoti mbele ya hori la mti, mikono imezama hadi viwikoni. Anazifinyanga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka yatoke maji matamu ya kutengenezea pombe. Ndizi zenyewe amezinunua sokoni Nyabugogo.

"Miaka kumi na nane nakamua ndizi yangu," anasema bila kuinua kichwa. "Leo nanunua kama mutu ya mjini."

Shamba lililokuwa lake liko ng'ambo ya ua tu. Pale ilipokuwa migomba pamesimama jengo la bati jipya, baa ya konseye, kiongozi wa sekta yao hapa juu ya Kimironko. Redio ya baa inapiga kelele tangu alfajiri, na hakuna aliyeiomba.

Mwaka jana, 1991, konseye huyo alitangaza kwamba kilima kitapata zahanati. Watu walishangilia, kwani mgonjwa wa hapa hubebwa kwa machela hadi barabara kuu. Spéciose na mumewe, Évode, wakakubali kuitoa ardhi, kwa ahadi ya kupewa nyingine bondeni. Msingi ulichimbwa kwa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Évode alishika jembe na kung'oa migomba ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe.

Siku msingi ulipokamilika, konseye alinunua madumu mawili ya pombe kwa Spéciose, akalipa papo hapo. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, maana bwana huyu alizoea kunywa na kuondoka. Wachimbaji wakakaa chini, na Évode akapewa mrija kabla ya wote. Alidhani anaheshimiwa.

Kilimani hapa, ardhi ikiuzwa, muuzaji na mashahidi hunywa pamoja pombe aliyoilipia mnunuzi, na muuzaji ndiye anayeanza. Kaunta ya baa ilipowekwa mahali pa dawa, Spéciose alikwenda kulalamika. Konseye alimjibu kwa upole unaochoma.

"Mama Akimana, bwana yako alikunywa wa kwanza. Watu yote iliona. Hii shamba mulishaniuzia."

Wazee walioitwa kuamua walikuwa wale wale waliounyonya mrija. Jirani yao Gatera, ambaye mkewe alijifungua mikononi mwa Spéciose, alisema kunywa alikunywa, ila pombe ilikuwa ya nini hakumbuki. Mtu mzima, mchana kweupe, anasema hivyo bila haya! Konseye akabaki na shamba. Spéciose alirudi nyumbani akijua kwamba pombe iliyomnyang'anya aliipika yeye.

Évode ni mlinzi wa ghala mjini. Tangu siku ile hajagusa pombe.

"Nilikuwa na kiu," anasema. "Nimechimba tangu asubuhi. Mutu akikupa mrija, unakataa namna gani? Ni adabu tu."

Mkewe anaendelea kukamua. Hajawahi kumlaumu kwa maneno, na Évode anakiri kwamba angeona afadhali atukanwe.

Mahakama imewaambia kesi itasikilizwa wakileta mashahidi wawili. Ndiyo maana Spéciose anakamua leo. Jumapili, baada ya misa, wachimbaji wote wamealikwa hapa uani. Safari hii hakuna atakayegusa mrija kabla mwenye pombe hajasimama na kusema.

"Nitawaambia, hii pombe ni ya ushahidi. Mwenye anakunywa, amekubali kwenda na mimi mahakamani. Kama pombe yangu inaweza kuuza shamba, iweze na kuirudisha."

Évode amezunguka nyumba kwa nyumba akiwaalika. Watatu wameitikia. Gatera amesema Jumapili atakuwa na homa.

Na wakija wote, Spéciose anaulizwa, halafu asinywe hata mmoja?

Spéciose anaacha kukamua. Anatazama nyumba za majirani, moja baada ya nyingine, hadi ile ya mwisho.

"Shamba itakuwa imeenda," anasema. "Lakini nitajua naishi na nani."