Fomu ya Dada Yangu Ilikaa Kwangu Hadi Siku ya Tisini na Moja

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Nimemkosea dada yangu wa tumbo moja, tena nikiwa na akili zangu timamu na kalamu mkononi.

Mimi ni karani wa utumishi kwenye kiwanda kidogo cha kukausha matunda na viungo hapa Morogoro, si mbali na Msamvu. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wanazaa, Mungu awabariki. Fomu zao zote za uzazi zinapita kwangu. Mimi ndiye nahesabu siku themanini na nne za likizo, mia moja kwa aliyejifungua mapacha. Mimi ndiye napiga hesabu ya mafao wanayolipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii: wastani wa mshahara kwa siku, mara siku zake. Halafu nasaini, nagonga muhuri, fomu inapelekwa. Jamani, muhuri unalevya.

Nilijitungia masharti ambayo hayamo kwenye sheria yoyote ya nchi hii. Fomu zinapokelewa Jumanne na Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Mhusika alete mwenyewe. Wino mweusi. Muhuri wa kliniki usiguse saini ya nesi. Kuna mama alikuja na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, nikamrudisha kwa sababu ya wino wa bluu. Wakilalamika nilikuwa na jibu moja tu, nalitoa huku natabasamu: "Tarehe haina ndugu." Nilijiona nimesema neno zito. Wakanibatiza jina la Themanini na Nne, na mimi mjinga nikadhani ni heshima.

Sasa Zaituni, mdogo wangu, anafanya kazi palepale, upande wa kufungasha mdalasini. Akapata mimba ya kwanza. Mwezi wa mwisho akapanda Kinole, kijijini kwetu mlimani, kujifungulia kwa mama, kama inavyotakiwa kwetu, akazaa mtoto wa kiume. Mumewe ni fundi uashi, leo ana kazi, kesho hana. Yale mafao walishayapangia: wapange chumba jirani na kiwanda, mama ashuke akae na mtoto, Zaituni awe anatoka kumnyonyesha. Alinieleza mwenyewe. Nikamwambia mpango mzuri sana.

Fomu ikaletwa na mumewe, na hilo tayari lilivunja sharti langu. Sikia uovu wangu. Muhuri wa kliniki ulikuwa umegusa saini, kidogo tu, kwenye mkia. Nikasema moyoni, hapa ndipo watu watakaponipima, nikimpitisha huyu watasema nabeba ndugu. Nikaichomeka chini kabisa ya faili. Lakini hesabu nilimfanyia! Niliipiga kwa penseli pembeni, nikairudia, ikatoka sawasawa hadi senti. Kilichobaki ni saini yangu na muhuri, kazi ya kufumba na kufumbua.

Jumapili moja nikapanda Kinole kumwona mpwa wangu. Mama alichinja jogoo. Nikala ndizi za nazi, nikampakata mtoto, nikatangaza kwamba pua ile ni ya ukoo wetu. Zaituni akaniuliza kwa adabu, kaka, ile fomu imefikia wapi. Nikamjibu kwamba mambo ya ofisi hayaongelewi nyumbani, aje Jumanne, na apitie kliniki wamgongee muhuri upya. Mzazi wa wiki tatu huyo. Mama aliacha kutafuna, akanitazama. Mimi nikaongeza mchuzi.

Na alikuja. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, bodaboda ikakwama kwenye matope, akafika na mtoto kifuani saa sita na robo. Nilimwona dirishani, kanga imelowa chapachapa. Nilikuwa nakunywa chai. Nikamtuma mlinzi akamwambie muda umekwisha, arudi Alhamisi. Hakurudi, kwa sababu mtoto alishikwa na kikohozi kilichokaa miezi.

Madai yale yanatakiwa yafike kwenye mfuko ndani ya siku tisini tangu mama ajifungue. Siku ya tisini na moja nilikuwa natafuta karatasi nyingine kwenye lile faili, nikaiona. Nikasaini, nikagonga muhuri, nikakimbia nayo mwenyewe hadi ofisi ya mfuko. Dada wa dirishani aliisoma yote, akaisifu hesabu yangu kwamba haina kosa hata moja, kisha akanirudishia. Imepitiliza siku moja. Nikamsihi, nikamwambia huyu ni dada yangu wa damu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba tarehe ni tarehe.

Chumba hakikupangwa. Zaituni akarudi kwenye mdalasini wake, mtoto akabaki mlimani na bibi yake, anakunywa uji kabla ya wakati. Ile nafasi wanayopewa kina mama kwenda kunyonyesha, dada yangu alikuwa anaingia chooni, anakamua maziwa, anayamwaga. Nilielezwa na wanawake wenzake, na walisema kwa sauti ili nisikie vizuri. Nililia siku hiyo, nimejifungia ofisini.

Kwetu Uluguruni mtoto anafuata ukoo wa mama, na nyumbani kwetu jina la ukoo hutolewa na mjomba mkubwa, akiwa amempakata mtoto mbele ya watu. Mjomba mkubwa ni mimi. Kikohozi kilipoisha siku ikapangwa, saa nne asubuhi. Nikanunua kanzu ndogo, nikasema hapa nitajisafisha. Lakini kulikuwa na taarifa ya mwezi haijafungwa, nikaanza nayo, na njiani mvua. Nikafika saa sita na robo.

Mama alinipokea mlangoni. Akaniambia jina limeshatolewa, aliyelitoa ni Shabani. Shabani ni mdogo wetu wa mwisho, anauza ndizi Msamvu, fomu hajawahi kujaza hata ya simu. Nikasema, mama, mimi ndiye mkubwa, nimechelewa kidogo tu.

"Tarehe haina ndugu, baba," mama akasema. "Pita ndani, chakula chako kipo."

Nikala. Ningefanya nini? Zaituni mwenyewe ndiye aliyeninawisha mikono, na hakunitazama usoni.

Siku hizi napokea fomu siku yoyote, saa yoyote, hata ikiandikwa kwa mkaa. Nilimtafuta na yule mama wa wino wa bluu nikamwomba radhi, akaniambia alishasahau, lakini aliyasema hayo ameegemea mlango wake, hakunikaribisha ndani. Wewe uliyepewa muhuri wa kuwahudumia watu, fomu ya mzazi ikikufikia ishughulikie siku hiyohiyo. Ina dosari? Inuka wewe mwenye viatu vikavu ukairekebishe. Mimi nilisubiri hadi aliyelowa awe wa kwetu ndipo nikashtuka, na wale wote wa kabla yake walikuwa dada za watu.

Mpwa wangu sasa anaongea. Shabani akitokea kule bondeni anamkimbilia, mjomba, mjomba, hadi anajikwaa. Nikifika mimi anajificha nyuma ya bibi yake, anasukumwa mbele, ananiamkia vizuri kama alivyofundishwa: "Shikamoo, bwana ofisi."